Dada Aliyeimba Amri za Wanajeshi

Siku watu wa Busia walipomsikia kwa mara ya kwanza, mtu mmoja alipasuliwa chupa kichwani na mwingine akang'olewa meno ya mbele. Mimi ndiye niliyewaita watu hao. Tangu asubuhi nilikuwa nimezunguka pande zote mbili za mpaka na pikapu ya nyumbani kwetu, vipaza sauti vimefungwa juu ya paa, nikitangaza bugi la Jumapili katika ukumbi wa baa moja upande wa Kenya. Dansi zilipigwa mchana miaka ile ya utawala wa kijeshi, kwa sababu sisi wa upande wa Uganda jua likizama tulitakiwa tuwe tumejifungia ndani.

Kutangaza ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Sisi ni Waislamu wa mjini, damu ya kila aina: babu Mnubi, bibi Msamia, na mjomba mmoja aliyedai mpaka kufa kwake kwamba asili yetu ni Yemeni. Wanaume wa nyumbani waliendesha malori. Mimi usukani wa lori ulinishinda, ila mdomo ulinikubali, basi baba akanipa pikapu kuukuu na vile vipaza sauti. Nilitangaza mpira, harusi, sinema za ukutani na dawa ya kunguni. Jumapili hiyo nilitangaza rumba.

Lakini mpiga gitaa wa bendi hakufika. Alikamatwa asubuhi kwenye kizuizi cha jeshi akitoka Tororo, na tukaja kujua baadaye kwamba hakutoka huko mzima. Wenzake, kwa kuogopa kuzomewa, wakamsukuma mbele msichana mmoja aliyekuwa amekuja na kaka yake mpiga ngoma. Alikuwa mrefu, mwenye gauni la maua na viatu vya shule, na gitaa la umeme jekundu lililomning'inia begani. Hakusalimia mtu. Alimtazama kaka yake, kaka akaanza kuipiga fumbo, ile ngoma ndefu ya Wapadhola, kwa mdundo wa kwao wa shambani. Dada akaliingiza gitaa juu yake kwa nguvu, kama vijana wa Ulaya wanavyopiga roki, halafu katikati ya makelele hayo akaanza kuimba kwa sauti ya kanisani, laini, kana kwamba yuko kwenye kwaya peke yake.

Ukumbi ulisimama. Hakuna aliyejua miguu aiweke wapi.

"Hii nini?" akafoka mfanyabiashara mmoja wa mbao. "Mimi nimekuja kwa rumba! Toeni huyu!"

Akarusha chupa. Dada akainama, chupa ikampata mlinzi wa mlango, mlinzi akamrukia mtu asiyehusika, na baada ya hapo viti vikaanza kuruka. Niliona mtu akipigwa kwa mguu wa meza. Niliona mwanamke akimng'ata mwanamume sikio. Yule dada hakuacha kupiga. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaendelea, na wimbo ulipokwisha akaanza mwingine.

Nilimfuata nje alipokuwa akikunja nyaya. "Dada, mbona hukuacha? Wangekuua."

"Ningeacha wangenigeukia mimi," akasema. "Walivyokuwa wanapigana wao kwa wao, angalau walikuwa wanafuata ngoma."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Hapo hapo nikamwambia nitamtangaza, nitamzungusha kila mahali pikapu itakapofika. Akaniuliza, "Utasema napiga nini?" Kwa miezi kadhaa tuliyokwenda pamoja sikupata jibu moja. Siku moja nilisema roki ya Padhola, siku nyingine nikasema kanisa la umeme. Siku nyingine nilisema tu: njooni, hamjawahi kusikia kitu hiki, na ninyi wenyewe mtakipa jina.

Alitoka kwenye familia ya wakulima, si mbali na Tororo, watu wa mtama na ng'ombe wachache, Wakatoliki wa siku nyingi. Baba yake alikuwa akipiga tongoli, kinanda cha nyuzi cha kwao, kwenye pombe na kwenye matanga. Yeye alisomea kwa masista, akajua nyimbo zote za misa, kisha akaja mjini kushona cherehani kwenye baraza ya duka la nguo la Mhindi mmoja. Mtoto wa kiume wa mwenye duka alikuwa kichaa wa roki. Alikuwa na gitaa, amplifaya, spika kubwa kama kabati, na santuri nyingi. Wakati wateja hawapo, alimfundisha. Wahindi walipofukuzwa nchini, wanajeshi walikuja kugawana duka kabla familia haijamaliza kufunga mizigo. Dada aliona baba wa yule kijana akipigwa makofi mbele ya wanawe na kuvuliwa saa. Kijana alimwambia abebe vile vyombo vyote kupitia mlango wa nyuma, sasa hivi, wasije wakavipata wao. Aliviweka kwenye mkokoteni, akavifunika kwa majani ya ng'ombe, akavisukuma mpaka kwao.

Kaka yake alikuwa akivunja mawe machimboni, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Ndugu hao wawili walizungumza zaidi kwa macho kuliko kwa mdomo. Mama yangu aliwapenda wote. Walipolala kwetu Busia aliwapikia wali, na dada alikaa jikoni akimsikiliza mama akiimba kasida huku akichambua mchele. Baada ya wiki mbili nilizisikia kasida zile ndani ya gitaa, zimepindwapindwa, na mama akasikia pia. Nilitegemea atakasirika. Alisema tu, "Hapo mwisho ameharakisha. Mwambie asiharakishe."

Kizuizi kilichobadilisha muziki wake kilikuwa kwenye barabara ya Tororo kuja Busia, saa nane za mchana, jua kali. Tulikuwa watatu kwenye pikapu na spika nyuma. Askari alikuwa kijana, macho mekundu, shati limefunguka vifungo.

"Simama! Zima gari! Shuka!" Tukashuka. "Ndani ya sanduku hii nini?"

"Spika, afande," nikasema.

"Spika ya kusema na nani? Na Kenya? Nyinyi nabeba kahawa ya magendo. Lala chini! Wote lala chini! Usiniangalie!"

Tulilala kifudifudi kwenye changarawe ya murramu iliyowaka moto. Mwenzake akaweka buti kwenye shingo ya kaka na kusimama juu yake kwa mguu mmoja, akijizungusha kama mtu anayezima sigara. Kaka alikuwa akikoroma. Dada alimwangalia, ingawa tumeambiwa tusiangalie, na kwa kuangalia huko akapigwa teke la mbavu. Yule wa kwanza alichomoa singe akaichoma spika usoni, mara ya kwanza, mara ya pili, akaizungusha ndani akitafuta kahawa. Alipotoa singe na kukuta haina hata vumbi la buni, alikasirika zaidi. Alinichapa kwa mkanda mpaka akachoka, kisha akasema twende zetu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama kondakta.

Nyumbani tuliijaribu ile spika. Iliunguruma. Kila uzi wa gitaa ulitoka na mkwaruzo, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe, na noti zikikaa zaidi ya muda wake. Nilisema nitaipeleka kwa fundi redio kesho.

"Usiiguse," akasema dada. Alikuwa ameketi sakafuni, mkono kwenye mbavu zake. Alipiga noti moja, akasikiliza mpaka ikafa, akapiga tena. "Sasa inasema kweli."

Wimbo aliutunga wiki ile. Maneno yake yalikuwa ya kizuizini tu, yale yale, hakuongeza lake. Simama. Zima gari. Shuka. Lala chini. Usiniangalie. Aliyaimba kwa sauti ya zaburi ya jioni, taratibu, kwa upole wa mama anayembembeleza mtoto, na chini yake ile spika iliyotobolewa ikanguruma na fumbo ya kaka ikadunda. Lazima mjue jambo moja ili muelewe kilichotokea. Kwetu Busia Kiswahili kilikuwa lugha ya kununua na kuuza, lugha ya mama yangu jikoni. Kwao vijijini kilikuwa lugha ya bunduki. Watoto wakimsikia mtu akisema Kiswahili barabarani walikimbilia kwenye mtama. Baba yake dada hakutaka kisemwe nyumbani mwake. Na sasa binti yake anakiimba.

Tuliupeleka wimbo huo kwanza Lumino, siku ya soko. Niliita watu kwa Kisamia na Kiswahili kuanzia asubuhi. Walikuja wakulima wenye muhogo wao, wanawake wenye samaki wa ziwani, wachungaji waliokuja kuuza mbuzi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia gitaa la umeme karibu. Jenereta ilipowaka wengine walirudi nyuma. Dada alianza, na alipofika kwenye lile neno la kwanza, "simama", niliona soko zima likiganda. Mtu aliyekuwa amebeba gunia alisimama kweli, gunia kichwani. Mwanamume mmoja alipiga magoti.

Kimya kile kilinitisha kuliko chupa za upande wa Kenya. Nilidhani tumewaua watu kwa hofu.

Kisha mwanamke mmoja mzee, muuza samaki, akacheka. Alicheka kwa sauti ya juu, akipiga mapaja, akionyesha kidole yule mwenye gunia. Kicheko kikaenea. Dada aliimba "lala chini," na vijana wakajitupa chini wenyewe wakicheka, wakainuka, wakajitupa tena. Alipofika mwisho akarudia mwanzo, na safari hii watu walikuwa wakiimba amri hizo naye, wanaume kwa wanawake, kwa makelele makubwa, kama wanazitapika. Katikati yao mama mmoja aliketi kwenye vumbi na kulia. Mume wake alishushwa kwenye basi kwa neno lile lile, "shuka," na hakupanda tena basi lolote. Baadaye alikuja akamshika dada mkono. "Imba tena pale pa shuka," akasema. "Polepole."

Tulikwenda Tiira, wachimba dhahabu wakatoka mashimoni wamejaa matope na kupiga karai zao kufuata ngoma. Tulikwenda Dabani. Kila mahali nilikuwa nikisimama juu ya pikapu na kusema mnakwenda kusikia kitu kipya, na kila mahali walikuwa wanakijua tayari kabla hakijafika nusu. Sijawahi kufurahia kazi yangu kama miezi ile. Kwa wimbo kupendwa hivyo, tulijua kwamba utafika pale tusipotaka ufike.

Landrova ya jeshi ilisimama mlangoni kwetu tukila chakula cha mchana. Walimtaka mtu wa spika. Mama aling'ang'ania shati langu mpaka likachanika. Askari mmoja akampiga usoni na mkanda wa bunduki, na damu ya mama ikadondokea kwenye sahani. Baba alisimama. Akaonyeshwa mdomo wa bunduki. Akaketi. Nilikwenda nao nikiendesha pikapu yangu mwenyewe, askari pembeni, mpaka kambi yao ya Tororo.

Dada na kaka walikuwa wamefika kabla yangu. Jicho moja la kaka lilikuwa limefungwa kwa uvimbe, na spika, gitaa na fumbo vilikuwa vimepangwa uani kama vya maonyesho. Mkubwa wao alikaa kwenye kiti cha uvivu chini ya kivuli cha bati, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Tulijua tunakufa.

"Nimesikia kuna wimbo ya jeshi," akasema. "Imba."

Dada akaimba. Alipofika "lala chini," yule mkubwa alipiga kiti chake kwa kiganja, akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Huyu msichana najua kazi yetu! Najua kabisa!" Akawaamuru vijana wake wacheze. Wakacheza, bunduki mgongoni, wakiamriana lala chini, simama, kama watu wa Lumino. Hakuna kitu kilichowahi kunichanganya akili kama hicho. Wale wale waliokanyaga shingo ya kaka walimpongeza kwa kumpiga mgongoni.

Kisha mkubwa akafuta machozi ya kicheko na kutueleza tulichoitiwa. Jumamosi, uwanja wa mpira, wanaume watatu wa magendo watapigwa risasi mbele ya raia. Mimi nitatangaza watu wote waje, mpaka watoto wa shule. Ikishakwisha, dada atapiga wimbo wa jeshi ili watu wacheze. "Watu wasirudi nyumbani na huzuni," akasema. "Serikali haitaki huzuni."

Nilitangaza. Askari alikaa kando yangu, bastola juu ya paja lake, akila karanga. Wanawake walinitazama kutoka kwenye milango yao, nami nikasema maneno niliyopewa.

Jumamosi uwanja ulijaa. Nguzo zilichimbiwa kwenye goli la upande wa kusini. Wanaume watatu waliletwa wamefungwa mikono, na mmoja wao nilimfahamu: alikuwa akipakia dagaa kwenye lori la baba, mtu wa utani, mwenye kupenda kuniita redio. Aliponiona juu ya pikapu alifungua mdomo kama anataka kusema kitu. Wakamfunga kitambaa cha macho. Mke wake alikuwa mbele, wamempanga mbele makusudi, na askari alisimama nyuma yake kuhakikisha hageuzi uso.

Sitaeleza yote. Bunduki zililia, na haikutosha, zikalia tena. Mtu wa dagaa alikuwa wa mwisho kutulia. Kamba zikawashikilia wote watatu wasianguke, ndiyo sababu watoto waliokuwa nyuma walidhani bado wazima. Ilikuwa imekatazwa kulia. Uwanja mzima wa watu ulisimama na kumeza machozi, nilisikia pumzi zikipita puani.

Mkubwa akainua fimbo yake kwetu. Muziki.

Dada alimwinamia kaka na kusema neno moja kwa lugha yao. Kaka akamtazama kwa lile jicho lililobaki. Nadhani alitaka kumkatalia. Kisha akaweka mikono kwenye fumbo, na mdundo uliotoka haukuwa wa wimbo wa jeshi. Ulikuwa wa matanga. Polepole, mzito, ule unaopigwa kwao maiti akiwa bado ndani. Dada akaliingiza gitaa, na spika iliyotobolewa ikatoa ule mkwaruzo wake wote, nao ukapita juu ya vichwa vya watu mpaka kwenye mwamba wa Tororo na kurudi. Hakuimba Kiswahili. Aliimba kilio cha kwao, kile baba yake alichokipiga kwenye tongoli miaka yote.

Mke wa mtu wa dagaa ndiye aliyeanza. Sauti yake ilikuwa kama kitu kinachokatwa. Mwingine akapokea, na mwingine, na kabla askari hawajaelewa uwanja wote ulikuwa unalia, Wapadhola, Wateso, Wasamia, Waislamu wa mjini, kila mtu kwa kilio cha kwao. Mkubwa mwanzoni alitikisa kichwa kufuata mdundo. Kisha askari mmoja mzaliwa wa pale akamwinamia sikioni.

"Nyamaza!" akapiga kelele kwa ile sauti yake ndogo. "Zima! Zima hiyo!"

Dada hakuzima. Walipiga risasi spika, ikaruka vipande. Walipiga vipaza sauti vyangu. Kaka alikuwa bado anapiga fumbo, na bila gitaa ilisikika vizuri zaidi, dum, dum, na askari mmoja akageuza bunduki akampiga kifuani. Alikaa chini kwanza, kama mtu aliyechoka, halafu akalala juu ya ngoma yake. Watu wakaubomoa uzio wa uwanja. Mimi nilikuwa nikiruka kutoka kwenye pikapu pale kitako cha bunduki kiliponipata sikio la kushoto. Sikio hilo halijasikia kitu tena mpaka leo.

Nilipoinuka dada alikuwa amepiga magoti, mikono kwenye kifua cha kaka yake, damu ikitoka katikati ya vidole. Askari alikuwa akilipiga gitaa chini, akilivunja kama kuni. Waliomwokoa ni wanawake. Walikuja kundi zima, wakimlilia kaka, wakamzunguka dada, mmoja akamfunga leso yake kiunoni, mwingine akamtwika kapu kichwani, wakamsukuma kutoka naye wakiendelea kulia, na askari waliokuwa wakimtafuta msichana wa gauni la maua wakampita.

Niliwafuata, tukakimbia kupitia mashamba ya mtama kuelekea mto Malaba, mpaka wa Kenya. Nyuma yetu risasi zilisikika uwanjani na kisha majumbani. Kwenye ukingo wa mto wale wanawake wakatuacha, wakatuonyesha pa kuvukia. Maji yalifika kifuani. Katikati ya mto dada akageuka.

"Nimemwacha chini," akasema. "Nimemwacha peke yake na wao. Narudi."

Nilimshika kiuno. Akanipiga usoni kwa viganja, akaniuma mkono mpaka meno yakagusa mfupa, nasi tukazama pamoja na kuinuka pamoja tukikohoa maji ya matope. Sikumwachia. Nilimburuta mpaka upande wa pili kama mtu anayeburuta mbuzi, na tulipofika kwenye majani makavu alilala kifudifudi, mikono mbele, na hakuinuka mpaka mvua iliponyesha.

Waliobaki walilipa. Baba yake alipokwenda kambini kuomba maiti ya mwanawe alipigwa kwa kuiomba, kisha akapewa. Ghala lao lilichomwa na mavuno yote ndani. Malori yetu yalichukuliwa, na baba yangu pia. Alirudi baada ya miezi, miguu yake haikunyooka tena, na hakutaka kusema kilichofanyika. Mama alihamia kwangu upande wa Kenya na kovu jeusi shavuni. Hakunilaumu, wala hakumlaumu dada. Alimpa kitanda chake.

Dada alirudi kwenye cherehani. Kwa muda mrefu hakuimba hata akifua. Halafu mpiga benga mmoja aliyepanga chumba cha jirani akamwazima gitaa, akamwazima na spika yake, nzima, nzuri. Dada alilipiga kidogo, akasimama, akachukua mkasi wa kushonea na kuitoboa ile spika mbele ya mwenyewe. Walipigana. Nasema walipigana kweli, ngumi na nywele, mpaka mama akaja na ndoo ya maji. Wiki iliyofuata yule mpiga benga alikuwa akimpigia besi.

Walirekodi kanda moja tu, kwenye chumba cha nyuma cha duka la redio. Mwanzoni mwa kanda hiyo ni sauti yangu, ikisema mnakwenda kusikia kitu kipya. Kanda ilivuka mpaka wa Uganda ndani ya magunia ya chumvi na mabunda ya kaniki, watu wakaisikiliza wakiwa wamejifunika blanketi pamoja na redio. Hiyo ndiyo mnayoipitishiana leo kwenye simu, ninyi vijana mnaonijia kuniuliza huyu ni nani, ni roki au ni nini.

Utawala ule ulipoanguka tulirudi pamoja kwao. Njiani vifaru vya jeshi vilivyoungua vilikuwa bado barabarani. Alikuwa akiogopa, alinishika mkono mwendo wote, yeye ambaye hakuwahi kunishika. Baba yake alikuwa amezeeka, upande mmoja wa mwili umepooza. Alimpeleka bila salamu mpaka kwenye kaburi la kaka, wakasimama. Kisha akaleta tongoli na kumpa.

"Kile cha uwanjani," akasema. "Watu walinisimulia tu."

Dada akapiga. Alikuwa hajafika mbali pale mama yake alipotoka jikoni na mwiko mkononi. Akampiga nao mgongoni, akampiga begani, akampiga tena na tena, akisema jina la marehemu kila pigo, na dada akainamisha kichwa na kuendelea kupiga nyuzi. Baba hakuzuia, na mimi sikuzuia. Mwiko ulivunjika. Mama akamwangukia shingoni, na wakalia hivyo, kilio ambacho hakikupigiwa ngoma, mpaka ng'ombe walipoanza kurudi zizini.

Alikaa kwao toka siku ile. Alilima, alishona, alifundisha kwaya ya parokia nyimbo ambazo padri alizikataa na baadaye akazizoea. Aliugua na kufa kabla ya mama yake. Nilikwenda kumzika. Watoto wa kwaya waliimba nyimbo alizowafundisha, na mara mbili walikosea, na hakuna aliyewakatiza.